Uzi Usio na Jina

Semina ilifanyika Katandala, miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa kwa wageni na kila aliyekuja na mradi akataka kutufundisha kompyuta. Mkufunzi, kijana kutoka Dar, alitueleza sisi walimu kwamba siku zijazo taarifa za dunia zitafumwa pamoja. Kila kitu, mtu, shamba au ng'ombe, kitakuwa na jina lake, na kati ya kitu na kitu utapita uzi. Uzi nao una jina: amezaliwa na, anamiliki, amemkodisha. Kompyuta ikifuata nyuzi hizo, inagundua mambo ambayo hakuna aliyeiambia. Akatuomba tuupe utando huo jina la Kiswahili. Mwenzangu mmoja akasema tuuite "data ndugu", kwa kuwa zinahusiana, watu wakapiga makofi. Nikapiga meza mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia mkufunzi kwamba neno hilo likiandikwa ubaoni, mimi natoka.

Walidhani nimerukwa na akili. Hawakuwepo kwenye mnada wa ng'ombe Matai siku baba yangu alipopigwa.

Baba alilima mahindi na ulezi. Baada ya kuvuna alimkodisha shamba mfugaji mmoja, Msukuma aliyehamia kwetu, ng'ombe wake wale mabua. Hakukuwa na kingine kati yao. Siku hiyo ng'ombe wa wizi walikutwa kwenye kundi la mfugaji yule. Mwenyewe akatimua mbio porini, na hasira za watu zikakosa pa kutua. Wakamuuliza baba kama anamjua. Baba alikuwa amezoea kumwita kila mtu ndugu tangu enzi za Ujamaa.

"Namjua," akasema. "Ni ndugu yangu."

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Rungu likavunja mkono aliojikinga nao. Akiwa chini, nilimwona mtu tunayesali naye kanisa moja akimpiga kwa jiwe usoni. Nilimng'ata mmoja begani, nikatupwa kwenye mavi ya ng'ombe, nikainuka nikipiga kelele kwamba yule mfugaji alikodi shamba tu, alikodi tu. Nani asikilize? Kwao uzi ulikuwepo, na haja ya kujua ni uzi gani hawakuiona. Walimwacha walipodhani amekufa. Nawachukia mpaka leo, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilipowasimulia, wakaliacha neno lile. Jina tulilokubaliana likawa refu: mtandao wa data zenye viungo vilivyotajwa majina. Wakanung'unika kwamba linachosha ulimi. Nikasema liwachoshe.

Ya hospitalini sikuwaambia. Yule wa jiwe alikuja wodini na uji kwenye chupa, akainama kitandani.

"Shikamoo, mzee. Pole sana, ndugu yangu."

Baba akamgeuzia jicho lililokuwa bado linaona.

"Ndugu wa nini?"

Yule mtu akabaki amesimama na chupa yake. Baba aliendelea kumtazama, akisubiri. Alikata roho jioni ile, na jibu lilikuwa halijaja.