Wajomba wa Karolina ya Kusini

Skuli niliishia darasa la tatu. Lakini majina ya wote waliokuja kuniposa nnayo kichwani mpaka leo. Siyataji; wana wajukuu, na wajukuu wana midomo.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alipewa kazi ya chuo kikuu: uchaguzi wa rais Marekani, karne ya kumi na tisa, jimbo moja tu, Karolina ya Kusini. Akawa ananisomea nami nnapeta mchele, ajizoeze kusema mbele ya watu.

"Bibi, majimbo mengine raia walikuwa washaanza kupiga kura ya rais. Hawa, wajumbe wa baraza la jimbo walijifungia ndani wakawachagulia."

"Na wanawake?"

"Bibi we! Hata wanaume hawakuulizwa."

"Na watumwa?"

"Hao ndio kabisa."

Nikacheka mpaka ungo ukanitoka mkononi. "Hiyo si Marekani, hiyo ndoa yangu!"

Kwani wajomba zangu watatu walikaa barazani na baba, wakanywa kahawa, wakatoka na mume. Mama akaja kuniuliza, nikanyamaza kwa haya. Akarudi kuwaambia, "Kanyamaza, karidhia." Ndiyo kura yangu hiyo. Mume alikuwa mwema, Mungu amrehemu, ila akikoroma mtaa mzima wa Mlandege unaamka.

Mjukuu hakucheka. "Ijumaa watu wa Kiembe Samaki wanakuja kuchukua jibu la posa, Bibi. Baba na ami washakubali. Mie nataka nimalize chuo kwanza, lakini nikiulizwa ntaona haya, ntanyamaza."

Ijumaa, baada ya Alasiri, wanaume wamejaa ukumbini, mwanangu akanituma mimi chumbani nikamuulize bintiye. Nikamkuta anatazama mkeka, kimya.

"Mie sitoki na kimya," nikamwambia. "Nshakitoa mara moja, nikalipwa mkoromo miaka arubaini."

Akasema kidogo kidogo, "Sitaki. Mpaka nimalize."

Nikatoka nikayasema hayo hayo, kwa sauti.

"Mama, kasema au kanyamaza?" mwanangu akauliza.

"Kasema. Kama hunisadiki, mlango huo, kamuulize."

Hakuinuka mtu. Wageni wakaomba ruhusa, halua hata hawakuigusa. Mwanangu alininunia siku tatu.

Halua tuliila mimi na mjukuu wangu, akanimalizia Karolina yake: kumbe raia wa kule hawakuulizwa mpaka vikapita vita vya wenyewe kwa wenyewe.

"Sisi hata kikombe hakikuvunjika," nikamwambia. "Mimina kahawa."