Sarafu Iliyorudishwa Shambani

Enzi zetu sisi watoto wa Crescent Town, mtaa wa maghorofa Toronto, Jumamosi haikuwa ya kulala mpaka jua likuchome. Baba alinunua kwa mtu mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na mahindi yakishavunwa huko nje ya jiji, alitupakia garini mimi na mdogo wangu Idi, na chapati za jana na chupa ya chai ya tangawizi. Mwenye shamba, Mzungu mmoja mzee, alituruhusu tutafute tupendavyo mradi tufukie mashimo. Mabua yalituchoma miguu, upepo ukatutoa kamasi, na mashine ikilia tulipiga magoti kwenye udongo baridi tukihema. Mara nyingi ulikuwa msumari. Wanangu leo ukiwaambia twende tukachimbe, wanauliza kwanza kama shambani kuna waifai.

Mama hakuipenda kazi ile hata kidogo. Kwao Tabora alikua akisikia habari za rupia zilizofukiwa na Wajerumani, na watu waliozichimba wakapatwa na makubwa. "Kilichofukiwa kina mwenyewe," alisema, na vyuma vyetu vyote viliishia kwenye ndoo balkoni.

Siku Idi alipopata sarafu kubwa nyeusi yenye kichwa cha malkia, Baba aliona fahari, akaiweka sebuleni wageni waione. Kesho yake Idi akashikwa na homa. Hospitali walisema ni virusi, wakatupa dawa ya maji. Siku iliyofuata hakula, midomo imemkauka, haitiki hata nikimtania. Niliogopa sana. Nyumba ile haikuwa na bibi wala shangazi wa kutuambia haya huwa yanapita.

"Baba Zaina," Mama alimwita kwa jina langu, "kairudishe."

"Daktari amesema ni virusi."

"Virusi mwachie daktari. Ya udongo niachie mimi."

Tukaenda, mimi na Baba, mvua inanyesha. Shimo lenyewe hatukuliona. Tulikuwa tumelifukia vizuri mno. Baba alipoanza kuchimba pengine, yule mzee akaja na trekta, akauliza tunatafuta nini kwenye mvua. Baba alijieleza akitazama viatu vyake. Nilijua tutafukuzwa.

Mzee aliuliza tu kama mtoto anakula. Kisha akashuka, akachukua sepetu. "Tuchimbe kirefu," alisema, "mashine ya mtu mwingine isije ikaiona."

Hazikupita siku nyingi Idi akaomba uji. Mama alishukuru sarafu kurudi kwao, Baba akaisifu dawa, na ubishi huo wameuendeleza mpaka uzeeni.

Shamba lile sasa limejaa nyumba, zote za rangi moja. Majuzi binti yangu alishikwa na homa. Nilimpa dawa, nikakaa na simu nikisoma, kila ukurasa ukinitisha kuliko uliopita. Tulikuwa maskini wa vingi zamani, lakini hofu ilipoingia ndani kulikuwa na la kufanya, watu wakavaa makoti wakatoka.

Mama akapiga simu. "Hamjaleta kitu humo ndani?"

Nilimjibu hapana, Mama, siku hizi hatuchimbi. Kisha nikainuka, nikapekua nyumba nzima, droo kwa droo, nikiomba kipatikane kitu cha kurudisha.