Meneja Hajala Tangu Jana

Ufagio ndio uliomwambia. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, Mama Mizani alifagia ile kona ya sebule alikoishi sungura, na kila asubuhi ufagio ulirudi na rundo la vinyesi vikavu, vya mviringo, kama punje za pilipili manga. Siku hiyo ulirudi na vumbi na kifungo cha shati. Akafagia tena, nyuma ya kabati, chini ya kochi. Vumbi tupu.

Sungura mwenyewe alikuwa amejikunyata kwenye boksi lake, mgongo umepanda juu, macho nusu wazi. Karoti ya jana ilikuwa mbele yake nzima, haina hata alama ya jino. Mama Mizani akamshika masikio. Ya baridi. Akamsogezea kipande cha ndizi mbivu. Sungura akageuza uso kama mteja aliyesikia bei.

"Usinifanyie hivyo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Leo si siku ya mzaha."

Hakuwa mwanamke wa kuogopa mambo ya wanyama. Alianza kuuza mboga na beseni kichwani, akapata meza, akapata meza ya mbele karibu na geti la soko, na jina lake lilitokana na mizani yake, ambayo kwa miaka thelathini hakuna aliyeweza kuichezea, yeye mwenyewe akiwemo. Kwake wanyama walikuwa wa aina mbili, wa kuliwa na wa kufukuzwa. Huyu alimpata kwa kubadilishana: mteja mmoja alikuwa anahama nyumba na hakujua pa kumpeleka sungura wake, na yeye alikuwa na kabichi mbili zilizoanza kulegea. Alimbeba akiwaza sufuria.

Mumewe ndiye aliyeharibu mpango. Alikuwa fundi saa, vidole vyake vikishika skrubu ndogo kuliko kichwa cha sisimizi, mpaka kiharusi kilipomwangukia mwaka uliopita na kuondoka na upande wake wa kulia na nusu ya maneno yake. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kufinyafinya. Aliuacha ubingirike chini ya kochi na hakuuulizia tena. Lakini sungura alipokuja kunusa ule mkono uliokufa, vidole vilifunguka. Siku ya tatu vilishika kipande cha karoti. Wiki ya pili mzee alitamka sentensi nzima, taratibu, akipumzika katikati: "Huyu ni Meneja. Hana kazi, anakula vizuri, na watu wazima wanafagia nyuma yake."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu augue, na ndio uliomwokoa sungura na sufuria. Tangu hapo kila siku saa nne kamili fundi saa alikaa kwenye kiti cha dirishani, Meneja mapajani, na ule mkono ukafanya kazi.

Kwa hiyo asubuhi hiyo Mama Mizani hakuogopa kifo cha sungura. Sungura hufa. Aliogopa saa nne.

"Meneja yuko wapi?" mumewe aliuliza kutoka chumbani.

"Amelala."

"Mpaka sasa?"

"Wewe umeona wapi meneja anayewahi kazini?"

Mzee akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Mama Mizani aliingia kuchukua sahani ya kifungua kinywa cha jana. Ilikuwa tupu, mkate wote umekwisha, haina hata chembe. Akashusha pumzi. Angalau mmoja ndani ya nyumba anakula, alijisemea.

Akamlaza sungura kwenye kikapu cha soko, akamfunika kitambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakwenda mbali. Muuza nyama wa jirani alikuwa anapanga vyuma vyake, akachungulia kikapu kabla ya salamu.

"Shemeji, huyo unaniletea mimi?"

"Huyo anakwenda kwa daktari."

"Daktari wa sungura." Muuza nyama alifuta kisu kwenye aproni. "Akishindwa, pita hapa akiwa bado ana joto. Nitakupa nusu."

Siku nyingine angemjibu jibu la kumnyima usingizi. Leo alikaza mwendo, mkono mmoja ndani ya kikapu, ukipima ule ubavu unaopanda na kushuka haraka haraka. Kila uliposita kidogo, na miguu yake ilisita.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mdogo mwenye buti za mpira, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alimweka sungura mezani, akamwekea vidole tumboni, akasikiliza kwa kipimo chake muda mrefu kupita kiasi. Ndani ya ule ukimya Mama Mizani alisikia sauti ndogo ya kusaga, krr, krr.

"Anatafuna," alisema kwa matumaini.

"Hapana mama. Anasaga meno. Ni maumivu. Tumbo limesimama. Mnamlisha nini?"

Hapo Mama Mizani alinyanyua kidevu, maana swali hilo alilijua. "Vizuri kuliko watu wengi. Karoti ninazichagua mimi mwenyewe, nazimenya. Ndizi mbivu. Tufaha likiwepo. Moyo wa kabichi."

"Majani ya karoti?"

"Majani nayakata sokoni, natupa. Nani anauza karoti na majani? Mimi simpi mtu takataka."

Daktari alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mama, umekuwa ukitupa chakula na kumlisha peremende. Huyu ni mla nyasi. Tumbo lake halina kituo, linakwenda usiku na mchana, na kinachosukuma ni nyasi. Zisipopita nyasi, linasimama. Likisimama siku nzima, mara nyingi haliondoki tena."

"Basi nipe dawa kali ya leo, nyasi nitaanza wiki ijayo."

"Tumbo halipatani bei."

Alimdunga sindano mbili, moja ya maumivu, moja ya kuamsha utumbo, huku akiongea bila kuinua kichwa. Nyasi kavu safi, rundo kubwa kama yeye mwenyewe, zisikosekane mbele yake hata saa moja. Majani mabichi konzi moja asubuhi na moja jioni, yakiwemo hayo ya karoti, yakibadilishwa badilishwa. Chakula cha punje cha dukani kijiko kimoja tu. Karoti au tunda, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, tena si kila siku. Maji wakati wote. Meno yake yanaota maisha yote, na kinachoyasaga ni nyasi. "Na mkate, kamwe."

"Mkate hali."

Daktari alipangua manyoya ya kifua cha sungura kwa kalamu. Ndani yake mlikuwa na chembe, kavu, za kahawia. "Basi huu ni nini? Na si wa siku moja. Nani anampa mkate?"

"Nyumbani tuko wawili," Mama Mizani alisema. "Mkate ni wa mume wangu. Anaumaliza wote, kila asu..."

Ile sahani ilimrudia, tupu, safi, haina chembe. Mtu wa kiharusi, mdomo umepinda upande, anakula mkate na haangushi hata chembe moja. Kumbe macho yake, yaliyozoea kuona punje ikipungua kwenye mizani, yalikuwa yanaiangalia ile sahani mwezi mzima na kufurahi. Akakumbuka mkanda wa suruali ya mzee, tundu jipya alilotoboa kwa msumari. Alisema mkanda umelegea kwa uzee.

Mawazo yalipofika hapo, miguu yake ilikuwa ya baridi kama yale masikio.

"Mama? Unanisikia? Utasaga nyasi na maji, utamlisha kwa bomba la sindano kidogo kidogo kila saa mbili, taratibu asipaliwe. Umkande tumbo. Kisipotoka kitu kabla ya giza, tusidanganyane."

Muuza majani ya ng'ombe alikuwa na mkokoteni wake nyuma ya soko. Mama Mizani alichagua fungu lililokauka vizuri, akalinusa kama halina ukungu, akauliza bei, akaambiwa, akatoa. Muuza majani alibaki na mkono hewani.

"Mama Mizani, hujapunguza."

"Sina muda."

"Miaka yote hii hujawahi kukosa muda." Alichukua unyasi mmoja, akaunusa kwa wasiwasi. "Hizi nyasi zina nini?"

Alipofungua mlango ilikuwa imeshapita saa nne. Fundi saa alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mapaja matupu, mkono wa kulia umelala juu yake kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Alitazama kikapu, akatazama fungu la nyasi.

"Amekufa?"

"Bado." Akampigia magoti mbele yake, si kwa heshima, bali kwa kuwa alitaka kumwona usoni. "Hajala tangu jana. Na wewe hujala tangu lini?"

Mzee akageuza macho dirishani.

"Mzee, nakuuliza. Mkate wangu ulikuwa unakwenda wapi?"

Maneno yalikuja moja moja, kama anayatoa kwenye saa yenye kutu. "Unakwama. Hapa." Akagusa koo kwa mkono mzima. "Kila kikavu. Nakabwa. Nikikwambia... utanirudisha hospitali. Kule wodini... jirani yangu aliingia anaongea."

Huyo jirani hakutoka. Mama Mizani alimjua; alikuwa akipokezana chupa ya maji na mumewe.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanaficha. Yeye alificha sungura kwenye kikapu, mumewe alificha njaa ndani ya sungura, na mnyama aliyelipa ni yule asiyejua kusema.

Hakuna aliyelaumu mwenzake, muda haukuwepo. Alisaga nyasi kwenye kinu, akachuja, akamshika Meneja kwenye taulo na kumsukumia tone, akangoja ameze, tone. Sungura alimeza kwa shida. Fundi saa alikuwa akitazama lile koo dogo likipanda na kushuka, na koo lake likipanda pamoja nalo. Kisha alinyoosha ule mkono mbovu wa kulia, akauweka kwenye ubavu wa sungura.

"Nimkande mimi," alisema.

Alikanda mpaka jua likahama kutoka dirishani. Saa nane, hakuna. Saa kumi, hakuna. Mama Mizani aliiacha meza yake ya sokoni kwa jirani wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na mama yake. Kila baada ya muda alipita na ufagio chini ya kiti cha dirishani, kwa hofu ya kujua na kwa hofu ya kutojua, na ufagio ulirudi mtupu. Mara moja sungura alitulia kabisa, na wote wawili wakamwinamia kumsikiliza.

Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye pembe za chumba mzee aliposema, "Ona."

Kwenye taulo palikuwa na punje tatu. Ndogo, ngumu, zimepinda. Mama Mizani, aliyekwisha kuona magunia ya viazi yakishuka kwenye lori, hakuwahi kufurahia mzigo namna ile. Fundi saa alichukua unyasi mmoja kwa vidole viwili vya mkono ule ule, akauelekeza kwenye pua. Pua ikacheza. Unyasi ukaanza kupungua, taratibu, kutoka ncha.

"Mkate ungeisha mara moja," Mama Mizani alisema. "Nyasi zinataka kushikwa mara mia. Mkono wako umepata ajira."

Kisha akaenda jikoni, akachemsha boga na viazi, akaviponda na mchuzi wake mpaka vikalainika kama losheni, akarudi na bakuli na kijiko kidogo.

"Kesho asubuhi tunakwenda kliniki, kuhusu koo. Hulazwi bila mimi kukaa pale. Hilo halina mjadala."

"Hupunguzi?"

"Sipunguzi."

Akampa kijiko cha kwanza. Mzee alikishika mdomoni muda mrefu. Mama Mizani alisimama mbele yake, bakuli mkononi, akilitazama koo lile, na nyuma yake akimsikia Meneja akitafuna, na hakujua ni lipi alilokuwa anasikiliza zaidi. Koo likapanda. Likashuka. Akachota cha pili.