Daftari la Presha la Nyanjige

Kwa miaka sita Nyanjige amezunguka Sapiwi na kipimo cha presha kwenye kapu la baiskeli, na daftari lake analilinda kuliko simu. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji, ana mdomo mkali, na akikukuta umeacha dawa atakusema mpaka jirani asikie.

Kwenye mkutano wa kijiji alisoma: wenye presha mwaka jana ishirini na wawili, mwaka huu ishirini na sita. Mzee Ndalahwa, mfugaji, naye akiwa mmoja wao, akasimama.

"Sasa unatibu nini, mwanangu, kama wagonjwa wanaongezeka?"

Watu wakaguna. Nyanjige akashika kiuno.

"Babu, zizi lako limejaa kuliko mwaka jana, au nasema uongo? Idadi sikuulizi, najua ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu. Ndama walizaliwa wengi?"

"Wachache tu. Ila hakufa hata ng'ombe mmoja."

"Haya! Mwaka jana wagonjwa wapya walikuwa tisa, mwaka huu wanne. Ndama wamepungua. Zizi limejaa kwa sababu hamfi! Ukitaka hesabu ishuke, anza kufa wewe."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mzee akakaa huku akitikisa kichwa.

Kesho yake asubuhi, Nyanjige alimkuta mzee amesimama mlangoni kwake, mkono wa shati ameshaukunja tayari kupimwa.

"Mwangaluka, mwanangu," alisalimia. "Nimekuja kukuharibia hesabu."