Mashine na Chai ya Maziwa

Miaka ile maduka ya Songea yalipoanza kujaa bidhaa kutoka nje, tumbo langu lilianza kunisumbua. Lilijaa gesi na kuuma, nikawa siwezi kukaa kwenye cherehani. Mtaani kwetu Bombambili palikuwa pamefunguliwa zahanati ya mtu binafsi yenye mashine ambayo, walisema, inatambua chakula kinachomkataa mtu. Nikashikishwa vyuma viwili, taa zikawaka, nikaambiwa niache maharage, mayai, samaki, ndizi na karanga.

Nikaacha vyote. Nikakonda, na maumivu yakabaki palepale.

Mama mkwe alipokuja kunitazama alishtuka. "Mwanangu, sasa unakula nini? Twende hospitali."

Daktari alinipapasa tumbo, akauliza, "Linazidi wakati gani?"

"Nikishakunywa chai ya maziwa."

"Basi rudia vyakula vyako vyote, uache maziwa tu kwa muda. Ukipata nafuu, yanywe tena uone."

Siku hiyohiyo mama mkwe alinipikia maharage kwa karanga, nikala kama niliyetoka safari ndefu. Maziwa ya kopo, yaliyokuwa fahari mpya ya nyumba yetu, nikayaacha. Tumbo likatulia. Baadaye nikayajaribu tena, mama mkwe akiwa ameketi kando yangu, na kikombe hakijaisha likaanza kunguruma.

"Tumemkamata!" akasema, tukacheka wote wawili. Maumivu yalikuwa yamerudi, lakini safari hii sikuyaogopa, kwa kuwa nilijua yametoka wapi.