Mlio wa Gari la Salvatory

Dumu la oili la marehemu mume wangu liliisha mwezi wa pili, nami nikamkasirikia kana kwamba alilimaliza makusudi. Nililiinamisha, nikalitikisa, nikalipiga kofi kwenye kitako, yakatoka matone mawili matatu ya kunichafua mkono tu. Nikasema kwa sauti pale uani, "Haya Salvatory, sasa nifanyeje?" Kuku wakanitazama, basi.

Salvatory alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Mashine ile hutumia oili nzito, ya kumimina kwa subira, na Salvatory aliiamini kuliko dawa ya hospitali. Bawaba za mlango, oili ya mashine. Baiskeli, oili ya mashine. Cherehani yangu inayonipa ugali, hiyohiyo, mpaka ikanichafulia gauni la kipaimara la mtoto wa watu. Tuliponunua kigari chetu, Vitz ya kijivu, akakitilia hiyohiyo. "Injini ni injini, Odilia," alisema. "Hizo nyepesi za dukani ni maji ya kuoshea vyombo." Mbishi yule! Ukianza kubishana naye, ugali unapoa mezani.

Basi gari likawa na mlio wake. Likiwashwa linagonga, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha dirishani kwa funguo, na haliachi hata likishapata moto. Mtaa mzima ulijua Salvatory anatoka, Salvatory anarudi. Mimi nilikuwa nikilisikia tangu kona ya kanisani, naipua sufuria. Nilimwambia mara ngapi kwamba ile ni aibu, Mungu ndiye anajua. Sasa ameondoka, mwaka wa pili huu, na ninayeliendesha likigonga vilevile ni mimi.

Hatukujaliwa mtoto. Nina cherehani, nina kuku, nina redio. Nikishafunga mlango jioni, sisikii mtu akitaja jina langu mpaka mteja aje kesho yake. Sisemi ili nionewe huruma, nasema ilivyo. Siku yangu ni Jumapili. Nikitoka misa napakia mchele, maziwa na sabuni, nakwenda Mkula kumwona mama mkwe wangu, Bi Domitila. Anaishi na wifi yangu Stumai, na siku hiyo Stumai naye hupata nafasi ya kutoka, mimi nikabaki namwogesha mama na kumpikia.

Mama haoni tena, na akili yake inakwenda na kurudi. Tulimwambia kwamba mwanawe amefariki, akalia msibani mpaka tukaogopa. Matanga yalipokwisha akasahau, akaanza kumuulizia. Tukamwambia tena, akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Stumai akaniambia, "Wifi, mimi simwambii tena. Nitamuua mama yangu." Tukanyamaza. Tangu hapo, kila Jumapili gari likikata kona kuingia kwao likigonga, mama anainua kichwa, anatabasamu, anaita, "Salva! Salva mwanangu, umekuja?" Naingia, namwamkia. Ananiuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nasema, "Anaegesha gari, mama." Anasema, "Haya," anatulia. Kabla chai haijachemka ameshasahau kuuliza.

Niseme ukweli, hiyo "Salva, umekuja" naingoja wiki nzima. Kwa dakika ile mume wangu yuko hai, yuko nje, anahangaika na gari lake, sasa hivi atainama apite mlangoni. Kwangu hafiki, hata ndotoni. Anafika kwa mama yake tu.

Ndiyo maana dumu lilipoisha sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Loo! Kumbe oili zina ukoo mrefu kuliko watu. Rafu nzima, kila chupa na namba zake. Dereva mmoja wa lori la mbao za Uchindile alikuwa amekaa kwenye benchi, akanipa ushauri bila kuombwa. "Mama, chukua nzito. Huku kwetu joto, nyepesi inayeyuka yote." Nikafurahi mwenzenu, maana ni kama nimemsikia Salvatory mwenyewe. Nikanyoosha mkono kwenye ile nzito.

Gosbert, fundi mwenye duka, akanizuia. "Subiri, mama. Niwashie kwanza nilisikie." Nikawasha. Akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaisugua oili kati ya vidole, nyeusi, nzito kama uji uliolala. Halafu akachukua kitambaa akafuta kifuniko cha pale juu tunapomiminia, kilichokuwa na masizi ya miaka yote ile. Yakatokea maandishi, 5W-30.

"Waliolitengeneza wameandika wenyewe," akasema. "Injini ndogo ina vinjia vyembamba, mama. Hii yako ikilala usiku inaganda, asubuhi ukiwasha, vyuma vya juu vinasagana vikavu, oili bado iko njiani. Na joto lisikutishe. Hiyo thelathini ndiyo ya joto, inatosha kabisa."

"Nikiendelea na nzito je?"

"Masika haliimalizi. Litakukwamia njiani, na hapo ni injini nyingine."

"Na nikiweka hiyo nyepesi?"

"Huo mlio unakwisha!" Alisema kwa furaha, masikini, kama mtu anayenipa zawadi. "Utapita mtaani watu wasijue."

Nikamwambia angoje. Nikakaa kwenye benchi, yule dereva akanisogelea, nikamwambia aninyamazie. Nikichukua nzito, mama ataendelea kumwita mwanawe, mpaka siku gari litakapokufa pale Mang'ula kwenye miti. Baada ya hapo ni kwenda kwa basi, na basi halitamleta Salva. Nikichukua nyepesi, nitafika Mkula miaka na miaka. Lakini atafika nani? Nikamgombeza Salvatory palepale moyoni. Mtu mzima wewe, kufuta kifuniko tu kukakushinda! Ungefuta, mama yako asingeuzoea mlio huu, na mimi nisingekaa hapa nachagua.

Mwisho nikamfikiria mama mwenyewe, mgongo wake mwembamba ninaousugua kila Jumapili. Ule mgongo hauogeshwi na mlio.

"Weka nyepesi," nikamwambia Gosbert. "Na chujio jipya."

Ile ya zamani ilitoka polepole kama lami. Nikamwomba anijazie kwenye dumu langu.

"Ya nini hii, mama? Imeshakufa."

"Ya bawaba," nikasema.

Akamimina mpya, akawasha. Kimya. Nikamuuliza kama limezimika, akacheka, akasema linawaka. Nikageuza uso, nikajifuta, nikamwambia jua ni kali.

Jumapili nikaondoka. Nikapita Kiberege, nikapita Mang'ula, gari linateleza. Nilisikia vipande vya sabuni vikigongana kapuni, vitu ambavyo sijawahi kuvisikia tangu tulinunue. Nikajikuta naongea peke yangu njia nzima, nasema lolote, alimradi kuwe na sauti.

Nikakata kona. Stumai alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, uso ameuelekeza njiani kama kawaida yake. Hakuinua kichwa. Nikazima gari, nikaubamiza mlango makusudi.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Odilia. Shikamoo."

"Marahaba."

Akatega sikio upande wa barabara. Akatega muda mrefu. Mimi jibu langu lilikuwa tayari mdomoni, anaegesha gari, namngoja tu aulize. Hakuuliza.

"Umekuja peke yako," akasema. "Salva ningemsikia."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimekuja peke yangu."

Hakulia. Akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu, akaushika, na hatukupika kitu mpaka Stumai aliporudi.