Daftari la Hesabu Lililobaki Polisi

Daftari lile sikurudishiwa, na sikwenda kulidai. Liko kituoni, Makambako, ndani ya faili, na lina mwandiko wa watu watatu: wa mtoto, wa baba yake mdogo, na wangu mimi kwa kalamu nyekundu. Katika miandiko hiyo mitatu, wangu ndio uliopendeza.

Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita, shule iliyo kando ya barabara ya kwenda Njombe. Na nilikuwa nachapa. Nalisema mapema ili mtu asidhani nasimulia ubaya wa wengine tu. Fimbo yangu ya muwati ilikaa juu ya kabati, na watoto wakiniona nainyanyulia mkono walinyamaza kabla sijafungua mdomo. Hasira zangu ziko karibu. Zikishuka najuta, lakini mtoto anakuwa ameshachapwa.

Ndiyo maana nilizijua alama za fimbo yangu. Muwati huacha mstari mwembamba unaovimba na kupotea baada ya siku mbili. Siku moja nilimwita binti mmoja aandike jibu ubaoni. Alipoinua mkono sweta lilipanda, nikaona kiunoni alama zenye kona, nyingine zimepona, nyingine mbichi. Hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za kile chuma cha mbele ya mkanda.

Alikuwa yatima wa baba na mama. Alilelewa na baba yake mdogo, mpasua mbao, mwanakwaya, mtu wa koti safi kila Jumapili. Binti alifika shuleni kabla ya kengele, miguu imelowa umande, na jioni alitafuta kila sababu ya kubaki. Alifagia ofisi yetu bila kutumwa. Walimu tukamsifia usafi. Wajinga sisi.

Nilimwita yule baba mdogo shuleni. Alivua kofia mlangoni. "Kamwene, mwalimu," akasema. "Huyu ni damu ya marehemu kaka yangu. Nitampigaje?" Jumatatu binti akaja anachechemea. Tangu siku hiyo sikumgusa kwa fimbo, wala sikumwita tena mlezi wake. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Kuanzia asubuhi hadi jioni alikuwa mikononi mwetu, nikajiambia inatosha.

Ndipo korona ikaja, shule zikafungwa. Watoto walishangilia, wakatoka mbio wakirusha mabegi. Yeye alibaki amekaa kwenye dawati.

"Nenda nyumbani, mwanangu," nikamwambia.

"Mpaka lini, mwalimu?"



Kufungwa kuliangukia msimu wa ulanzi. Mvua inanyesha, mianzi inagemwa asubuhi na jioni, pombe iko kila nyumba. Kazi ya mbao ilikuwa imesimama, kwa hiyo yule mtu angeshinda nyumbani kutwa, ulanzi pembeni, mkanda kiunoni, na mtoto hana pa kukimbilia. Nilikuwa nakaa jikoni kwangu Makambako, namenya viazi, naziwaza alama zile. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa nachagua kichwani nimpige kwa kitu gani, na nianzie wapi. Siku moja nilikasirika hadi kisu kikanikata kidole, na niliendelea kumenya.

Nikabuni njia. Kila Jumatatu nilipeleka maswali kwenye duka lililo jirani na shule. Watoto wayachukue, wakafanye, Jumatatu inayofuata warudishe madaftari hapohapo. Mwalimu mkuu alinisifu kwa bidii. Ukweli ni kwamba nilitaka daftari moja tu. Nikiliona najua yuko hai na anashika kalamu. Mara mbili lilikuja, mwandiko wake mdogo ulionyooka, majibu yote sahihi.

Mara ya tatu likaja na takataka. Herufi kubwa zilizopinda, tarakimu zimelala, mistari imevukwa, kazi ya mtoto wa chekechea. Hasira ikanipanda palepale dukani. Kumbe! Mimi nahangaika kwa ajili yake, yeye anampa mtoto mdogo wa pale nyumbani amwandikie! Hata sikuyatazama majibu. Nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka: "Kazi hii si yako. Umenidanganya. Mlezi asome na asaini."

Mlezi asome na asaini. Maneno hayo nimeyaandika miaka yote ya kazi yangu. Mkono ulikwenda wenyewe, na kila nilichokijua kuhusu mlezi huyo kikanitoka kichwani. Nikampa mwenye duka daftari, nikarudi nyumbani.

Jumatatu lilirudi. Mlezi alikuwa amesaini, sahihi ya kujivunia, na tarehe ameweka. Chini yake, kwa mwandiko uleule mbovu, palikuwa na maneno haya: "Ni yangu mwalimu. Mkono wa kulia haushiki. Naandika kwa wa kushoto."

Nilipiga yowe. Mwenye duka alidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nikalitia daftari kwenye mkoba, nikapanda bodaboda iliyokuwa nje.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua viazi kwa mkono mmoja. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga, umevimba kuanzia kiwiko, vidole vimebadilika rangi. Na jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Mkono ulikuwa na zaidi ya wiki. Jicho lilikuwa jipya.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Baba mdogo akatoka na mbeta ya ulanzi mkononi, lile bomba la mwanzi wanalonywea. Akanikaribisha kwa heshima. "Usihangaike, mwalimu. Kwa ule uongo nimeshamwadhibu. Hatarudia."

Alidhani nimekuja kumshukuru.

Kando ya kinu palikuwa na mchi. Sikumbuki kuushika. Nakumbuka ulivyomtua begani, mbeta ikapasuka, ulanzi ukammwagikia kifuani, nami nimeshauinua tena. Alinipiga ngumi ya mdomo, jino likalegea, nikaonja damu yangu. Nikampiga mchi wa goti, akaanguka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Mchukue, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Mchukue aende." Sikumsikiliza, nilikuwa natafuta kichwa cha mumewe. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma akaninyang'anya mchi. Asingefanya hivyo ningemuua yule mtu mbele ya mtoto. Na nilikuwa nasikia raha. Jambo hilo linanitisha mpaka leo.

Tulianzia polisi, maana hospitali wangetaka PF3, ile fomu ya polisi. Hatukukaa sana yule mtu naye akaja, amevaa koti la Jumapili, anachechemea. Alieleza kwa upole kwamba mtoto alianguka kwenye rundo la mbao. Mwalimu huyu, akasema, kijiji kizima kinajua anavyochapa watoto, na leo amemvamia nyumbani kwake. Kuhusu mimi hakusema uongo hata kidogo.

Askari wa dawati la jinsia, mama wa makamo, alimuuliza binti mara mbili ni nani aliyemvunja. Binti alitazama sakafu. Askari akashusha pumzi. Akasema mtoto asiposema, na kama hakuna kitu cha kushika, huyu bwana ndiye mlezi wake.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Sahihi, tarehe, maneno ya binti, vyote vilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Na juu yake maneno yangu. Nilikaa nimeubana mkoba kifuani muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nafikiria kuuchana ule ukurasa nusu, nitoe ya chini tu. Kisha nikaliweka daftari zima mezani.

Askari alisoma, akamsogezea binti.

"Hili jicho ni la siku gani?"

"Siku aliyosoma hapo pekundu."

"Ulimdanganya mwalimu?"

"Hapana."

"Hukumwambia baba mdogo?"

"Nilimwambia. Na anajua siwezi kushika kalamu. Mkono aliuvunja yeye."

"Sasa kwa nini akakupiga?"

"Alisema mwalimu hawezi kuandika uongo."

Askari aliacha kuandika, akanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, maneno yalitoka kwa shida. "Andika, afande," nikamwambia. "Andika kama alivyosema."

Yule mtu hakurudi nyumbani siku hiyo. Hospitali walisema mfupa umeanza kuunga vibaya, wakaunyoosha upya, na kelele za binti nilizisikia nikiwa kwenye benchi la nje. Nilijiziba masikio. Halafu nikajizibua, nikaona ni haki yangu kuzisikia.

Wiki iliyofuata bibi yake mzaa mama alikuja kutoka Ipelele kumchukua. Nikawasindikiza stendi. Tulijua wote kwamba shule zikifunguliwa hatakuwa darasani kwangu. Bibi alipanda kwanza akamwekea nafasi. Binti akabaki chini na plasta yake, ananitazama viatu.

"Mwalimu, ile kazi niirudie?"

"Hapana, mwanangu. Ulipata zote."

Nilikuwa nimeyapitia majibu yake kituoni, kabla askari hajalifunga daftari kwenye faili. Yalikuwa kumi, yote sahihi, na sikuwa nimeweka vema hata moja.